Mbegu za pilipili hazijaota? Kabla hujaja kutudai hela yako, soma hii kwanza

Kila mwaka ikishaingia Juni mpaka Agosti tunagombana na wateja kwa jambo hilohilo moja. Mtu kanunua paketi ya mbegu za pilipili hapa dukani, kaenda kuzisia nyuma ya nyumba, anamwagilia asubuhi na jioni, wiki ya kwanza kimya, wiki ya pili kimya, wiki ya tatu anakuja na paketi mkononi anasema tumemuuzia mbegu mbovu. Wengine wanakujaga kwa upole, wengine wanaanza kuongea wakiwa bado ng'ambo ya barabara na wateja wengine wote wanageuka kuangalia. Inatuuma, mana duka la pembejeo linaishi kwa jina, ukishaitwa muuza mbegu feki Mwanjelwa nzima hapa Mbeya inajua kabla ya jioni.

Msimu huu kuna mama mmoja wa Isyesye aliingia akaniuliza, "We kijana, hizi mbegu mlizikaanga kwanza ndo mkaniuzia?" Nikamwamkia, nikampa kiti akae. Bahati nzuri kwenye paketi yake zilikuwa zimebaki mbegu, nikamwomba tuzijaribu palepale anaona. Tukalowanisha tishu, tukaikamua ibaki na unyevu tu isichuruzike maji, tukapanga mbegu kumi, tukakunja, tukatia kwenye kikopo cha mfuniko, juu nikaandika jina lake na tarehe, kikopo kikaingia kwenye kasha letu la joto. Nikamwambia mama rudi baada ya siku tisa hivi. Aliporudi nilimwachia afungue mwenyewe. Mbegu nane zimepasuka pembeni na kimzizi cheupe kimetoka, kifupi, milimita mbili tatu, kimeanza kujikunja kutafuta chini. Aliziangalia muda mrefu, akaniuliza sasa kwangu zilishindwa nini. Paketi ni ileile. Kwake zilishindwa na baridi.

Hapa ndo watu wengi hawatuelewi. Pilipili, iwe hoho, mbuzi au kichaa, asili yake ni nchi za joto huko Amerika, na mbegu yake haijali sana jua la mchana kama inavyojali joto la udongo usiku na mchana. Udongo ukiwa na nyuzi joto 25 mpaka 30 hoho inachomoza kwa siku nane hivi. Ukiwa nyuzi 20 inaenda kama siku 13. Ukishuka nyuzi 15 unasubiri siku 25 hivi, na ukiwa nyuzi 10 haioti kabisa. Sasa wewe unayekaa Uyole au Forest au kule juu Isyesye unajua usiku wa Julai hapa unakuwaje, Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, usiku kipimajoto kinashuka chini ya nyuzi 10 bila shida yoyote. Mchana jua linawaka unavua sweta unajiona uko kwenye joto, lakini udongo wa kwenye tuta ulioupoza usiku kucha na ukaumwagia maji ya bomba ya saa kumi na mbili asubuhi haujapata hata muda wa kupata joto, jua limeshazama. Mbegu inakaa humo imelowa, imevimba, haiendelei, na mwisho inaoza. Ukifukua unakuta ganda tu na uji ndani.

Alafu kuna ile hoja ya "mbona shangazi yangu Kyela anatupa tu mbegu uani zinaota". Zinaota ndio! Kyela iko chini kabisa, kama mita 500, hata Julai usiku wake una joto. Hata Mbarali huko Usangu wanasia nje muda mwingi wa mwaka. Wa Mbeya mjini, Iringa, Mafinga, Makambako na Njombe hatuwezi kuwaiga hao, na wa Makete ndo kabisa maana kule kuna sakitu, umande unaganda kabisa. Kwetu sisi miche ya pilipili inaanziwa ndani ya nyumba, basi.

Na ndani ya nyumba napo watu wanaharibu, kwa sababu wanadhani kazi ni kuingiza trei ya kuoteshea miche ndani tu. Sebule ya nyumba ya tofali ya huku Julai nayo ni baridi, wewe mwenyewe umekaa na shuka mabegani. Trei inataka sehemu yake ya joto. Sisi tunatumia kasha, na ukitaka kujitengenezea nyumbani chukua lile boksi jeupe la kubebea samaki wabichi, lioshe vizuri, weka trei ndani, pembeni weka dumu la lita tano lenye maji ya moto (sio ya kuchemka, dumu litajikunja), funika. Dumu unabadilisha usiku kabla ya kulala na asubuhi ukiamka. Chomeka kipimajoto cha bei rahisi kwenye udongo, hakikisha hapashuki nyuzi 20 na hapazidi 32. Juu ya friji napo panasaidia kidogo kama friji yako inatoa joto kwa juu, ila pima kwanza. Hoho utaziona ndani ya wiki na siku kadhaa, mbuzi na kichaa ni wavivu zaidi, hizo hata wiki tatu ni kawaida, usizifukue kila siku kuangalia.

Kwenye jiko msithubutu. Kuna kaka wa Iyunga aliweka trei juu ya bati pembeni ya jiko la mkaa, mkewe akiwa anapika maharage, anasema alitaka ziote haraka. Udongo ulikuwa wa moto hata kidole hakikai. Mbegu zote ziliiva. Akanunua paketi nyingine, na mbegu za pilipili mbuzi chotara sio bei ya mchicha, kwahiyo ile haraka ilimgharimu mara mbili.

Sasa kuna kosa linalokuja baada ya mbegu kuota, na hili linaua miche mingi kuliko baridi yenyewe. Mbegu ikiwa chini inataka joto, haina haja na mwanga. Ikishachomoza tu, siku hiyohiyo, inataka mwanga mwingi. Dada mmoja anafuga vifaranga Nzovwe, mwenye akili sana, aliweka trei zake kwenye chumba cha vifaranga kwa sababu kina joto usiku kucha. Ziliota vizuri ajabu, siku ya saba zote ziko juu. Akafurahi akaziacha humohumo wiki nzima "zikue kue kwanza". Alipotuletea tumsaidie, miche ilikuwa mirefu kama kidole cha kati, myembamba kama uzi, myeupe, imelala upande mmoja kuelekea kale kataa ka vifaranga. Mche wa hivyo hauponi. Ukiuhamishia nje upepo wa saa nane mchana unaulaza chini, unavunjika shingo. Tulimwambia ukweli, akasia upya.

Kwahiyo ukiona vichwa vimeanza kutoka kama robo hivi ya trei, toa kwenye kasha, peleka kwenye mwanga. Dirisha linaloangalia kaskazini miezi hii ndo zuri zaidi kwa huku kwetu, jua la Juni na Julai liko upande huo. Geuza trei kila siku isilalie upande mmoja. Mchana kukiwa na jua itoe nje mahali pasipo na upepo, saa kumi irudishe ndani. Ndiyo, ni usumbufu. Ni usumbufu uleule unaotulipa sisi tukuuzie miche, nitafika huko.

Udongo. Kila mtu anataka kuokoa kwenye udongo. Tunauza udongo wa kitalu kwa debe na watu wanacheka, wanasema nikununulie udongo wakati nimeukanyaga toka nyumbani mpaka hapa? Alafu anaenda kuchimba bustanini, anachanganya na samadi mbichi ya ng'ombe, anashindilia kwenye makopo. Siku chache miche inaanza kulala. Angalia shina pale linapogusana na udongo, utaona pamebana, pamekuwa pembamba na rangi ya kahawia, juu majani bado ya kijani lakini mche umeshakatika. Hicho ni kinyausi, ni vimelea vya ukungu vinavyokaa kwenye udongo na vinapenda baridi na maji mengi, na kikianza kona moja ya trei baada ya siku mbili kimemaliza trei. Watu wanakimbilia kununua dawa, dawa inasaidia kulinda iliyobaki, iliyolala haisimami tena.

Udongo wetu ni wa msituni wa juu juu, mboji iliyoiva vizuri, mchanga, na pumba za mpunga zilizochomwa zikawa nyeusi ambazo tunaziagiza toka Ubaruku, tunachekecha vyote, alafu tunaufukiza kwa mvuke kwenye pipa na unapoa ndo unaingia kwenye trei. Kuni, gunia, gari, kibarua. Debe moja linajaza trei kadhaa. Ukijumlisha thamani ya paketi ya mbegu inayokufa kwa udongo wa bure, mwenye kutoa hela nyingi ni nani?

Na kumwagilia, jamani. Asubuhi tu, maji yaliyokaa ndani usiku yasiwe ya barafu, mwagia udongo usimwagie majani, gusa kwanza kwa kidole kama juu pamekauka. Jioni acha. Trei ikilala imelowa na usiku wa baridi unakaribisha kinyausi mwenyewe.

Nije kwenye bei maana najua ndo mnayoisubiri. Mche wa hoho tunauza shilingi 200, wa mbuzi 300. Kuna fungu la miche pale sokoni kwa elfu moja na tunaambiwa kila siku nyie ni wezi. Lile fungu ni miche iliyong'olewa kwenye tuta, mizizi imekatika nusu, imefungwa kamba ya mgomba imekaa juani toka asubuhi. Kwa kabichi na chainizi sina neno, hizo zinavumilia. Pilipili haipendi kuguswa mizizi. Unapanda fungu zima, mingi inakufa, iliyobaki inasimama mwezi mzima haikui, jirani yako aliyenunua miche kumi ya trei anachuma wewe bado unapalilia. Mche wetu unatoka na bonge lake la udongo, mzizi haujui kama umehama. Na umekaa kwetu wiki sita mpaka nane, baridi ikiwa kali hata kumi, kuna mtu wa kuamka usiku umeme ukikatika abadilishe madumu. Hiyo mia tatu imelala hapo.

Kitu kingine tunachobishana ni kukomaza. Mteja anaona miche imependeza ndani ya kitalu anasema nipe hivyohivyo leo, nina kibarua kesho. Tukimwambia subiri wiki nyingine anaona tunamringia. Ule mche umezoea kivuli na joto. Lazima utolewe nje kidogo kidogo, siku ya kwanza lisaa limoja au mawili, kesho yake zaidi, maji yapunguzwe, shina likazike, mwisho ulale nje. Baba mmoja wa Mbalizi alitushinda kwa maneno akachukua miche mia moja kabla ya muda, akapanda saa sita mchana jua la Septemba, majani yakababuka yakawa meupe kama karatasi siku ileile. Akataka tumrudishie. Tulimwonyesha kwenye daftari pale tulipoandika "haijakomaa, mteja amechukua kwa hiari", na sahihi yake. Tangu hapo hatutoi mche ambao haujakomaa, hata ukiongeza hela.

Mbegu ulizokamua kwenye hoho ya sokoni usituletee tukuoteshee. Hoho ya kijani imechumwa haijaiva, mbegu zake changa, na nyingi ni chotara, hata zikiota hazitazaa kama mama yake. Ukinunua mbegu popote, sio lazima kwetu, angalia lebo ya TOSCI, ile taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, na tarehe ya mwisho wa matumizi.

Kwa bustani ya nyumbani inayotegemea mvua, wakati wa kusia ndani ni Septemba, ili mvua za Novemba kwenda Desemba zikute mche una majani manne mpaka sita ya kweli na urefu wa sentimita 10 mpaka 15. Mwenye maji ya kumwagilia asie mwishoni mwa Julai ndani ya kasha, atoe nje Oktoba mwanzoni. Anayetaka tumsilie sisi, tunachukua oda kwa trei, unalipa nusu kwanza. Ukija na trei zako tunakupunguzia, ila zioshe kwa sabuni na Jik na uzianike juani zikauke kabisa, trei yenye udongo wa mwaka jana tunakurudishia getini.