Shoga, ile protini imenishinda

Rukia shoga yangu,

Assalaam alaykum. Huku wazima, baridi tu ndiyo inatutesa. Mama anakusalimu na anauliza zile khanga umezisahau? Hilo mtamalizana wenyewe, mimi nina langu.

Unazijua protini zangu mbili zinazogusana. Fuwele za kuonyesha zinavyoshikana zimegoma kabisa kuota, basi nikaishika njia waliyoifungua kina Schultz, yule mwanakemia, kule California mwaka 2001: kodoni ya UAG, yaani herufi tatu za maagizo ya jeni, ambayo kwa kawaida huisimamisha ribosomu, kile kiwanda cha protini, unaifanya nafasi ya asidi amino ya kutengenezwa. Mimi natia moja iitwayo Bpa. Ukiimulika kwa mionzi ya urujuanimno, nanomita 365 hivi, inamng'ang'ania jirani yake kama ruba, ukajua nani alikuwa anamgusa nani, na wapi. Kusema ni rahisi!

Kwenye jeli ya kutenganisha protini kwa ukubwa napata bendi mbili. Ya protini nzima ni hafifu, kuiona kwenyewe taabu. Ile fupi, iliyokatikia palepale kwenye UAG, nene inanicheka. RF1, ile protini inayoisoma UAG kama kikomo, inaiwahi tRNA yangu inayoibeba Bpa, hakuna jingine. Profesa kasema nihamishe nafasi ya UAG, nikahamisha. Sasa anataka niongeze Bpa, na bei yake unaijua, tena kwenye maji haiyeyuki mpaka uibembeleze na hidroksidi ya sodiamu. Kinachonipa moyo ni kwamba nisipoitia, bendi ndefu haipo kabisa. Kimeng'enya kinachoipakia Bpa kwenye tRNA hakichukui asidi amino za kawaida, tirosini wala fenilalanini, badala yake. Kwa hiyo mfumo wenyewe mzima, ila hiyo bendi fupi... aka!

Ndipo nikakukumbuka. Ile bakteria ya E. koli ya 2013, iliyobadilishwa UAG zake zote 321 kuwa UAA, kikomo kingine, kisha ikaondolewa RF1, si mlikuwa nayo kwenye friza? Humo hakuna wa kuisoma UAG kama kikomo. Najua inakua kwa kujivuta, na haina polimerasi ya T7, kimeng'enya cha kuisoma jeni yangu, kwa hiyo promota, ile swichi ya kuiwasha jeni, nitabadilisha. Potelea mbali, afadhali hiyo kuliko kuitazama tena ile bendi fupi.

Je, bado ipo? Nyinyi mliikuza kwa joto gani? Utamwomba bosi wako wewe, au nimwandikie mwenyewe? Anasafiri lini? Na Zuhura, wamekubaliana ukumbi au bado wanavutana? Nijibu upesi, Bpa imebaki ya kukwangua.

Wako,
Mwanaisha