"Mama, nadhani ni mimi"

Ndugu Mhariri,

Habari yenu ya wiki mbili zilizopita, ya hospitali iliyopata mashine mpya ya CT-Scan, ile inayopiga picha za ndani ya mwili kwa mionzi, nimeisoma mara tatu. Nilifurahi, kwa kuwa nawajua watu waliolala stendi kufuata kipimo hicho mji wa mbali. Lakini mwandishi wenu alipouliza habari ya usalama wa mionzi, mkurugenzi alimjibu kwamba hilo linashughulikiwa na vijana wa eksirei, naye akaridhika, akahamia kwenye bei. Hapo nilivua miwani. Tangu nistaafu mwaka 2016 sijaandika gazetini hata mstari mmoja.

Mimi nilikuwa radiografa kwa miaka thelathini. Hao "vijana wa eksirei" ndio sisi. Najua jinsi mzigo huu unavyoshushwa ngazi kwa ngazi kutoka ofisi ya juu mpaka umfikie mtu ambaye hana hata saini ya kununua balbu.

Mwezi uliopita mjukuu wangu wa miaka minne alianguka kutoka kwenye mwembe, mkono ukavimba. Nikafuatana na mama yake, mkwe wangu, hadi kituo kimoja cha afya cha binafsi. Daktari akaandika karatasi ya eksirei, tukaenda kukaa foleni. Benchi la wanaosubiri limesukumwa hadi kugusa mlango wa chumba cha picha, na mlango wenyewe umeachwa nusu wazi kwa sababu kiyoyozi kimekufa na ndani kunachemka. Taa nyekundu ya juu ya mlango haiwaki. Zamu yetu ilipofika, kijana akamwambia mkwe wangu, "Dada, mshike mkono asitikisike." Mkwe wangu ana mimba ya miezi mitatu, bado haionekani. Hakuna aliyemuuliza: si mapokezi, si daktari, si kijana yule. Aproni ya kukinga mionzi, yenye madini ya risasi ndani, ilikuwepo, lakini imekunjwa mara nne kama kanga, imetupwa chini ya meza, juu yake boksi la glavu. Aproni haikunjwi, hutundikwa. Ikikunjwa, kinga ya risasi iliyo ndani hupasuka, na ufa huo huuoni kwa macho mpaka aproni yenyewe uipige picha. Nikamtoa mkwe wangu nje, nikafunga mlango, nikaivaa hiyo hiyo, nikamshika mtoto mwenyewe. Picha ilipokwisha nikamuuliza kijana kwa upole, "Mwanangu, afisa wa usalama wa mionzi hapa ni nani?" Akatazama sakafu. "Mama, nadhani ni mimi."

Anadhani! Hana barua ya kuteuliwa. Hajapelekwa mafunzo yoyote ya kazi hiyo. Hana hata beji ya kupimia mionzi kifuani, maana tangu aanze kazi, miezi minane sasa, hajaletewa. Enzi zetu beji zilikusanywa, zikapelekwa Arusha kusomwa, na majibu yakirudi mkuu wa idara alituita mmoja mmoja. Ukomo wa kimataifa kwa mfanyakazi ni wastani wa milisiverti 20 (kizio cha kupimia mionzi inayoingia mwilini) kwa mwaka, na kwa mwananchi wa kawaida ni milisiverti 1. Kijana huyu atajuaje kama amefika ngapi? Nikarudi kwa daktari, akasema yeye kazi yake ni kuandika karatasi. Nikaenda kwa mwenye kituo, akasema hayo ni mambo ya mtu wa eksirei. Na mtu wa eksirei ndiye yule niliyemwacha amesimama kwenye joto, akidhani.

Mhariri, dhamana hii ina wenyewe. Sheria ya Nguvu za Atomiki, Namba 7 ya mwaka 2003, ndiyo iliyoiunda Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, na anayetumia mashine za mionzi huwa na leseni. Mwenye leseni ndiye wa kwanza kuulizwa. Chumba, kuta, mlango, aproni, beji, matengenezo, fedha za mafunzo: vyote ni vyake. Akimteua afisa wa usalama wa mionzi amepata msaidizi wa kumsimamia kazi. Dhamana inabaki kwake. Na afisa huyo lazima awe na nguvu ya kusema "leo hatupigi picha" bila kupoteza kibarua. Daktari naye ana lake, tena zito, kwa sababu mgonjwa hana ukomo wa mionzi ulioandikwa kama tulionao sisi wafanyakazi. Kinachomlinda mgonjwa ni swali la daktari: picha hii inahitajika kweli? Ultrasaundi isiyo na mionzi haitoshi? Baada yake ndipo anakuja radiografa, wa kuuliza mimba, kupunguza eneo linalopigwa mionzi na kuchagua kiasi cha mionzi kinachomfaa mtoto, asimpige kama mtu mzima. Na mahali penye CT-Scan anatakiwa pia mwanafizikia tiba wa kupima mashine inatoa kiasi gani. Huyo katika habari yenu hakutajwa kabisa.

Sisemi mkwe wangu angedhurika siku ile. Picha ya mkono hutumia mionzi kidogo sana, na mashine ya eksirei ikizimwa hakuna mionzi inayobaki chumbani wala mwilini. Sitaki mama yeyote akimbie kipimo anachokihitaji kwa sababu ya barua hii. Lakini CT-Scan moja ya tumbo yaweza kumpa mgonjwa mionzi sawa na picha mia moja za kifua, na hata zaidi. Uzembe ule ule ukihamia kwenye mashine hiyo, hesabu inakuwa nyingine.

Na kuna hili la kurudia picha, ambalo linanikera tangu nikiwa kazini. Mjukuu alipewa rufaa. Picha yake tulipewa kwa kuipiga na simu kutoka kwenye kioo cha kompyuta, imepinda, ina mwanga wa dirisha. Hospitali ya pili ikasema haisomeki, apigwe upya, tulipe upya. Mtoto wa miaka minne amepigwa mara mbili kwa mfupa mmoja ndani ya siku moja, kwa kukosa tu diski ya kuwekea picha halisi. Nani anahesabu picha hizi za marudio? Sisi tulikuwa na daftari la picha zilizoharibika, na kila Ijumaa tulilijibia. Kila mstari ulikuwa na sababu na jina la aliyepiga.

Naomba jambo moja lifanyike kwenye kila mlango wa chumba cha eksirei nchini, wa serikali na wa binafsi. Ubandikwe ubao mweupe wenye ukubwa wa kalenda ya ukutani, kwa Kiswahili, herufi za kusomeka ukiwa umekaa kwenye benchi. Uandikwe jina la mwenye leseni na tarehe leseni inapokwisha, jina la afisa wa usalama wa mionzi na namba yake ya simu, na tarehe mashine ilipokaguliwa mara ya mwisho. Chini yake, kwa wino mwekundu: "Kama una mimba au unahisi unayo, sema kabla hujaingia." Ndani ya chumba kiwekwe kiango cha mti cha kutundikia aproni. Fundi seremala yeyote anakitengeneza kabla ya adhuhuri.

Mwenye kituo nimemwandikia haya yote. Leo ni siku ya kumi na tisa, hajajibu. Nanyi nawaomba mumrudishe mwandishi wenu kwenye ile hospitali yenye CT-Scan mpya. Asiulize bei. Aulize jina la afisa wa usalama wa mionzi, kisha aombe kuiona barua yake ya uteuzi.

Radiografa mstaafu,
Tanga