Wanunuzi wadogo wa Busia waelezwe haki zao

Mhariri,

Sisi tunaoishi Busia upande wa Kenya tumezoea kuvuka kwenda Uganda kununua mayai, sukari na sabuni ya kufulia, kwa kuwa bei ya huko mara nyingi huwa nafuu, hasa shilingi yetu inapokuwa na nguvu.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu uliorahisishwa kwa wafanyabiashara wadogo, unaosamehe ushuru wa forodha kwa bidhaa zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa, zilizozalishwa ndani ya Jumuiya na zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani. Hata hivyo, mama mwenye trei tatu za mayai bado huona heri amlipe mwendesha bodaboda ampitishie njia za panya, kwa kuchelea kusimamishwa nusu siku au kunyang'anywa mzigo, ilhali cheti rahisi cha uasilia, kinachoonyesha kuwa bidhaa imezalishwa ndani ya Jumuiya, hutolewa mpakani papo hapo. Kodi nyingine, kama ile ya ongezeko la thamani, hazisamehewi na cheti hicho, na hapo ndipo wengi hukwaruzana na maofisa, kila upande ukidhani unadanganywa.

Naomba mamlaka za forodha zibandike orodha hiyo kwa Kiswahili, pamoja na tozo zote, nje ya kituo, pande zote mbili za mpaka. (Kisamia na Kiteso vingefaa pia, lakini tuanze na hicho.) Ikiwa ndani ya ofisi, mwenye kapu hataiona.

Msomaji,
Busia