Shukrani kwa kaka wa Pongwe

Kaka uliyetukuta Pongwe, hapa Tanga, Jumamosi asubuhi, jina hukuniachia, basi nakushukuru hapa mbele za watu.

Mimi sioni. Mazoezi yangu ni baiskeli ya watu wawili na kuogelea. Siku hiyo cheni ilikatika tukaanguka, na mwenzangu wa mbele, ambaye ndiye macho yangu, akateguka kifundo cha mguu.

Ukainama, ukatoa pingili iliyovunjika, ukaunga, ukanishikisha pale kwa vidole nihakikishe mwenyewe. Mwenzangu ukampandisha bodaboda, wewe ukakaa kiti cha mbele. Nilikueleza mara moja tu kwamba pedali zimeunganishwa, ukiacha kukanyaga nami naacha. Tangu hapo ukawa unaita: "Tuta! Kona kushoto! Lori!" (Hiyo "lori" ulichelewa kidogo, kaka.)

Tulipofika Raskazone, ninapoogelea, hukuondoka. Ulifunga sifongo kwenye ncha ya mwanzi nilivyokuelekeza, ukasimama gatini ukinigusa kichwa kila nilipokaribia ukuta, kama wanavyofanyiwa waogeleaji wasioona kwenye Paralimpiki. Hata soda ulikataa.

Wenye baiskeli Tanga mko wengi. Kiti cha mbele kiko wazi kila Jumamosi hadi mguu wa mwenzangu upone.