"Bodi imekufa" si jibu, fundi aonyeshe vipimo

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenye kompyuta mpakato za zamani, na zaidi ya hao niseme na mafundi wenzangu tunaozipokea. Mashine za kati ya mwaka 2007 na 2013, akina Dell Latitude, HP EliteBook, ThinkPad na Toshiba Satellite, bado zinategemewa na wanafunzi na ofisi ndogo. Siku zikigoma kuwaka, mteja anaambiwa "bodi imekufa", yaani bodi kuu inayobeba processa na chipu zote, na mashine inauzwa kwa bei ya spea. Mara nyingi kilichokufa ni kapasita moja (kifaa kidogo cha kuhifadhi chaji) isiyozidi punje ya mchele, na hakuna aliyeweka mita ya umeme juu ya bodi kabla ya hukumu kutolewa.

Kazi ianzie kwenye adapta, kabla ya kufungua skrubu hata moja. Nyingi za mashine hizi hutumia volti 18.5 hadi 20. Kuipima ikiwa mikono mitupu hakutoshi, maana adapta feki au iliyochoka husoma volti 19 safi kabisa, halafu ikipewa kazi inaanguka. Chukua balbu mbili za indiketa za gari, za volti 12 na wati 21, uziunge kwa mfululizo na uziache kwenye adapta dakika tano. Zitavuta takriban ampea 1.5. Volti zikiporomoka au mwanga ukipepesa, umeshampata mchawi bila kugusa bodi. Kwa Dell kuna jambo la ziada: sindano ya katikati hupeleka utambulisho wa adapta. Ikikatika, mashine inawaka lakini haichaji na inafanya kazi kwa kujivuta. Watu wamebadilishiwa bodi nzima kwa ajili ya sindano hiyo.

Adapta ikiwa nzima, chomoa chaja na betri, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika ili umeme uliobaki uishe, kisha toa RAM, diski na kadi ya Wi-Fi. Sasa pima omu (ukinzani wa umeme) kati ya graundi, yaani upande hasi wa bodi, na kila koili kubwa (waya uliozungushwa) kwenye bodi, moja baada ya nyingine, ukiandika. Hapa ndipo tunapowaonea watu. Mita nyingi hulia kwenye alama ya mlio zikikuta chini ya omu 30 hadi 50. Fundi akigusa koili ya processa, mita inalia, anatangaza shoti, yaani umeme unapita moja kwa moja hadi graundi. Lakini koili ya processa kwa kawaida ni omu chache tu, na ya chipu ya picha inaweza kuwa chini ya omu 2 ikiwa nzima kabisa. Acha mlio, soma namba. Gusisha kwanza ncha mbili za mita, uone waya zenyewe zina omu ngapi, kwa kawaida 0.2 au 0.3, na uitoe kwenye jibu lako. Koili za volti 5 na 3.3 zinatakiwa ziwe juu sana ya hapo, kwenye maelfu ya omu, na njia kuu ya volti 19 juu zaidi. Njia kuu ikisoma omu 0 au 1, hiyo ni shoti ya kweli, na utaitambua hata kwa taa ya adapta kuzimika unapochomeka.

Shoti ya njia kuu mara nyingi ni kapasita ya seramiki. Kapasita hizi zimetengenezwa kwa matabaka membamba. Bodi ikipindika kwa kuanguka au kwa skrubu iliyokazwa kupita kiasi, matabaka yanapasuka ndani na kugusana, na kwa juu huoni alama yoyote. Ndiyo maana kuangalia kwa macho hakusaidii, na kung'oa moja moja kwa kubahatisha kunaharibu bodi. Chukua pawa saplai ya mezani, ile unayopanga mwenyewe volti na ampea, weka volti 1, anza na kikomo cha ampea 1 na upande taratibu hadi 3. Unga waya nene kwenye njia yenye shoti na graundi. Mwagia alkoholi ya isopropili eneo lote. Panapokauka kwanza ndipo alipo mkosaji. Ukikosa alkoholi, laza karatasi ya risiti ya mashine, ile inayochapwa kwa joto, uibonyeze juu ya bodi: itaweka doa jeusi juu ya kapasita inayochemka.

Kwa nini volti 1 na si 19? Kwa sababu huenda kilichopiga shoti ni mosfeti ya juu ya processa, swichi ya kielektroniki inayosimama kati ya volti 19 na koili. Ukipandisha volti 19 hapo, unazipeleka moja kwa moja kwenye processa inayotaka volti 1 na kidogo. Wapo wanaofanya hivyo kwa haraka, na bodi iliyokuwa inapona inakufa mikononi mwao. Pima mosfeti kwanza: kwa zile za miguu minane, mguu wa 1 hadi 3 ni sosi, wa 4 ni geti, wa 5 hadi 8 ni dreni. Dreni na sosi zikisoma karibu na sifuri pande zote, toa mosfeti uipime ikiwa nje. Geti ikiwa nayo imepiga shoti, shuku pia chipu inayoiendesha, usibadilishe mosfeti peke yake ukashangaa inaungua tena.

Kapasita mpya iwe na mikrofaradi zilezile na uwezo wa volti usiopungua wa ile ya mwanzo. Kwenye njia ya volti 19 tumia ya volti 25 au zaidi. Ya volti 16 kutoka bodi chakavu itakaa wiki kadhaa na kumrudisha mteja akiwa na hasira, naye atakuwa na haki.

Kama hakuna shoti popote na bodi bado kimya, fuata moto, yaani umeme, kutoka tundu la chaja kwenda ndani, usiruke kituo. Kwanza mosfeti za mlangoni. Moto ukiishia hapo usikimbilie kuzibadilisha, kwani huenda chipu ya chaji ndiyo iliyozifunga. Chipu kama BQ24725 na BQ24735 husubiri mguu wa ACDET, unaotambua adapta, upate zaidi ya volti 2.4 kupitia rezista mbili (vipinga umeme) zinazogawa volti za adapta. Rezista moja ikikatika, chipu inaamini hakuna adapta iliyochomekwa. Baada yake kuna rezista kubwa iliyoandikwa R010, ya omu 0.01. Kwa mita inasoma kama waya tu, kwa hiyo pima volti pande zake mbili: zinatakiwa zilingane.

Kituo kinachofuata ni chipu ya volti 5 na 3.3. Kwenye TPS51125, mguu wa 16 unapokea moto wa adapta, wa 17 unatoa volti 5, wa 8 unatoa 3.3. Hizo zikiwepo na koili zake hazina kitu, usiing'oe mara moja. Inawezekana inangoja ruhusa. Nenda kwenye kitufe cha kuwashia: kisome volti 3.3 na kishuke hadi 0 unapobonyeza. Chipu ya BIOS, yenye programu ya kuanzishia mashine, nayo iwe na volti 3.3 kwenye mguu wa 8. Tazama pia kitambuzi cha sumaku cha kifuniko, ambacho kikiharibika baadhi ya mashine huamini zimefungwa. Bodi iliyomwagikiwa chai au soda isugue eneo lote hilo kwa alkoholi kabla ya kupima, maana kutu ya kijani kati ya miguu hupitisha umeme na kudanganya kila kipimo.

Ukiilisha bodi kwa pawa saplai iliyowekwa volti za adapta yake, amita inasaidia sana hapa. Ikisoma 0.00 kabisa, njia imekatika mlangoni. Ikisoma 0.01 hadi 0.03, bodi inasubiri kama kawaida. Ukibonyeza kitufe ikapanda kidogo na kurudi, basi bodi ilijaribu na njia moja ikakataa: volti 1.5 za RAM aina ya DDR3, au 1.05 za chipseti (chipu inayounganisha processa na vifaa vingine), au za processa ambazo huja mwishoni. Tafuta ya kwanza inayokosekana. Zinazoifuata hazina kosa.

Toshiba Satellite nyingi za miaka ile, na baadhi ya mashine za kampuni nyingine, zina ugonjwa wao. Chini ya processa kuna kipande bapa cheusi cha NEC/TOKIN, mara nyingi kimeandikwa 0E907. Hii ni kapasita ya mikrofaradi 900, volti 2.5. Ikichoka, mashine inawaka, inakaa vizuri ndani ya BIOS, halafu inaganda au kuzima Windows inapoanza kupakia. Mteja anaambiwa ni virusi, kisha diski, kisha bodi. Tiba ni kuing'oa na kuweka kapasita nne za tantalamu ya polima, mikrofaradi 330, volti 2.5 kila moja. Tantalamu ya kawaida haifai, haimudu kasi ya processa. Mambo mawili yanawaangusha wengi. Msitari kwenye tantalamu unaonyesha chanya, kinyume na kapasita ndefu za alumini ambazo msitari wake ni hasi. La pili, umeme wa chanya ulikuwa unapita ndani ya kipande hicho kutoka upande mmoja kwenda wa pili, kwa hiyo ukikitoa lazima uunge pande hizo kwa bapa la shaba. Processa ya wati 35 kwa volti 1.1 huvuta zaidi ya ampea 30, na uzi mwembamba wa waya hautoshi.

Nipinge pia tabia ya kupiga bloa (hewa ya moto) kwenye chipu ya picha kwa kila mashine isiyoonyesha kitu. Mwaka 2008 kampuni ya NVIDIA ilitangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya chipu zake za laptopu zilizokuwa na udhaifu wa malighafi, na mashine kama ThinkPad T61 na Dell Latitude D630 zenye chipu hizo ziliugua kweli. Lakini kosa lao liko ndani ya chipu yenyewe. Joto huiamsha kwa muda tu, na bei ya matengenezo inalipwa mara mbili.

Kwa mwenye kompyuta ombi langu ni hili: ukiambiwa bodi imekufa, omba uandikiwe kwenye risiti njia kuu ilisoma omu ngapi na ni volti ipi iliyokosekana. Fundi aliyepima anazo namba hizo na hatachukia kuulizwa. Zipo bodi zisizostahili kugharamiwa, hasa pale volti 19 zilipokwisha kufika kwenye processa na chipseti kwa pamoja. Hapo fundi akurudishie diski yako, RAM na adapta, usiviache dukani.

Fundi wa kompyuta,
Kariakoo, Dar es Salaam