YAH: MALALAMIKO KUHUSU DAWA YA KUUA MWANI ILIYOUA SAMAKI WANGU

Shanty Town, Moshi
12/05/2025

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi Machi mlinijengea bwawa la bustani. Masika yalipokolea maji yakajaa mwani, yakageuka kijani kama mchicha uliopondwa. Nikawapigia, mkamtuma fundi. Alimimina mfuko mzima wa chembechembe za bluu, akachukua shilingi 60,000, akaniambia nisubiri siku tatu.

Siku ya tatu, saa kumi na moja alfajiri, niliwakuta perege wote juu ya maji, midomo wazi, wanatweta. Kufikia saa mbili nilishaopoa 14 kati ya 20, mjukuu wangu akinishikia ndoo.

Nikaokota ule mfuko. Mimi nimekulia Kibosho, mrututu, ile dawa ya bluu yenye shaba, naujua kwa rangi yake. Baba alikuwa akiupulizia mibuni kuzuia ugonjwa wa chulebuni, na ole wako uoshee bomba kwenye mfongo, mfereji wetu wa maji! Shaba yake inaharibu matamvua ya samaki. Fundi wenu hakupima hata kijiko wala hakuuliza bwawa linachukua lita ngapi. Mita 4 kwa 3, kina sentimita 60, ni lita 7,200. Hesabu ya darasa la saba.

Isitoshe, mwani ukifa kwa wingi kwa mpigo unazama na kuoza, na kuoza huko kunamaliza oksijeni majini. Usiku ndiyo balaa, kwa sababu mwani uliobaki hai nao unaivuta hiyohiyo. Na pampu ya kutia hewa majini tuliizima kila jioni kwa maelekezo ya fundi huyohuyo, eti tusimalize umeme wa LUKU.

Kinachoniudhi zaidi, kijani kimeanza kurudi. Bwawa mmelichimba juani kutwa, chini ya mteremko wenye migomba ninayoiwekea samadi. Mvua ikinyesha, mbolea yote inashukia humo.

Sikuomba maji ya kioo. Ule utelezi wa ukutani perege wanaukwangua na kula, hauna shida. Ninachodai ni shilingi 60,000 zangu na bei ya samaki 14. Kisha mje mchimbe mtaro wa kukinga maji ya mteremko, mpande mayungiyungi hadi yafunike kama nusu ya bwawa, mtoe tope na kubadilisha maji kidogo kidogo. Tope hilo lina mrututu, msilimwage kwenye mfereji wa jirani.

Pampu sasa inawaka usiku kucha, LUKU nanunua mwenyewe. Nawasubiri hadi Ijumaa tarehe 23. Fundi yule asije.

Mteja wenu,
Mama wa bwawa la migombani