Vibao vya mitaa vieleze asili ya majina

Mhariri,

Naomba nafasi nitoe maoni kuhusu majina ya maeneo ya Dar es Salaam. Zoezi la anwani za makazi limetuwekea vibao hadi vichochoroni, na nalipongeza. Lakini kibao hutaja jina tu, hakisemi limetoka wapi.

Juzi kwenye daladala mwanafunzi aliyesimama kando yangu aliniuliza, "Shikamoo mzee, eti Kariakoo ni neno la kabila gani?" Nikamweleza kuwa ni matamshi yetu ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi Waafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Maelfu walikufa, wengi kwa maradhi. Mtoto alinyamaza mpaka tukashuka. Hata Mzizima, kijiji kilichokuwapo kabla Sultani Majid wa Zanzibar hajaanza kujenga mji huu miaka ya 1860, vijana wengi hawakijui.

Naishauri Halmashauri ya Jiji, kwa kushirikiana na Makumbusho ya Taifa, iongeze mistari miwili ya historia kwenye vibao, ikianzia Kariakoo, Gerezani na Mnazi Mmoja. Wazee wa mitaa waulizwe sasa, wangali hai.

Msomaji wako,
Temeke, Dar es Salaam